Mwezi Umeuona?

Ugonjwa ungekuwa wa jicho, Kasilda angeutangaza kisimani. Angesema, jamani, mwanangu Felista jicho limemvimba, nani ana majani? Na kabla ndoo haijajaa angekuwa ameletewa majani ya aina tano na ushauri wa aina kumi. Lakini haukuwa wa jicho. Ulikuwa mahali ambapo watu hawapataji, na Kasilda aliujua kabla hajaambiwa, kwa sababu aliona namna binti yake alivyokuwa akikaa.

Felista alikuja nyumbani kwao kusaidia kung'oa karanga. Ulikuwa mwaka wa hamsini na sita, mwezi wa tano ukianza, mvua zimekata na udongo bado laini. Alikuwa ameolewa mwaka uliotangulia na Faustini, kijana wa mgodini, nao waliishi Kawajense pamoja na mama yake Faustini, Romana. Kutoka Kawajense hadi kijijini kwa kina Kasilda ulikuwa mwendo wa asubuhi moja, ukitembea bila kusalimiana sana.

Siku ya kwanza Kasilda hakuona kitu. Siku ya pili akaona kwamba mtoto anakalia kigoda kwa upande mmoja, kama mtu anayekwepa mwiba. Siku ya tatu akaona anakwenda mtoni mara tatu kufua kitambaa kilekile, kisha anakianika nyuma ya nyumba na kukifunika na khanga ili kisionekane. Kasilda akajifanya anafukuza kuku, akasogea, akainua ile khanga. Harufu ikampa jibu.

"Unaumwa?" akamuuliza jioni, wakimenya karanga.

"Siumwi, mama."

"Mbona unakaa hivyo?"

"Tumbo kidogo."

Tumbo! Wanawake wa kwetu wana tumbo kubwa kuliko watu wote duniani, maana linaanzia kwenye kitovu na kuishia magotini, na kila kilichomo humo huitwa tumbo. Kasilda alijua. Felista naye alijua kwamba mama yake anajua. Wakaendelea kumenya karanga.

Msimwone Kasilda mama mbaya. Kwao mama hazungumzi na binti yake habari za mwili. Hiyo ni kazi ya shangazi. Shangazi ndiye anayemweka mwali ndani, ndiye anayemuuliza amelala vipi na mumewe, na msichana akipata mimba humwambia shangazi, na shangazi ndiye anayempelekea mama habari huku akicheka na kudai kuku wake. Mama akiuliza mwenyewe ni kama amevua nguo mbele ya mwanawe. Shangazi wa Felista alikuwepo, Tereza, dada yake Gaudensi mume wa Kasilda. Lakini Tereza aliolewa na mvuvi akahamia Kapalamsenga, kule ziwani, siku nyingi za njia. Kumpata kulitaka barua. Na mwandika barua wa nyumba ile alikuwa Gaudensi, katekista, mtu wa kola nyeupe iliyonyooshwa. Gaudensi angeandika maneno hayo kwa kalamu ileile anayoandikia majina ya watoto wa ubatizo? Kasilda aliwaza hivyo akaona uso unawaka.

Ilikuwepo zahanati. Lakini dresa wa zahanati, mfunga vidonda na mtoa dawa, alikuwa Apolinari, na Apolinari aliimba besi kwenye kwaya ya Gaudensi. Tena Kasilda aliogopa neno moja: hao vijana wa mgodini, watu husema, huokota magonjwa na kuyaleta nyumbani. Akimpeleka mtoto kule, kesho wataanza kusema Felista ana kisonono. Na wakikosa kusema kimetoka kwa Faustini, watasema kimetoka kwa Felista mwenyewe. Ndoa ya mwaka mmoja itafia kisimani.

Felista akarudi kwake na kikapu cha karanga. Kesho yake Kasilda akajifunga khanga mbili, akaaga kwamba anakwenda kumwona mgonjwa, akaenda kwa Bibiana.

Bibiana alikuwa mganga wa wanawake. Si mpiga ramli. Hakuwa na pembe wala mkia wa mnyama, alikuwa na mizizi, magome, na vyungu vilivyopangwa kwa ukubwa kama watoto wa shule. Mizizi yake aliifunga kitita kwa kamba ya gome, na katika ile kamba alipiga mafundo. Kila fundo lilikuwa mtoto mmoja aliyezaliwa na mgonjwa, awe hai au amekufa. Kitita cha asiyezaa hakikuwa na fundo hata moja. Ndivyo alivyozitofautisha dawa zake, maana hakujua kusoma, na alisema dawa ya mwanamke aliyezaa saba ikinywewa na asiyezaa ni sawa na kumvisha mtoto viatu vya polisi.

"Karibu, mama katekista," alisema Bibiana. "Leo kanisa limenikumbuka."

"Usinicheke, dada."

"Sikucheki. Kaa. Nani mgonjwa?"

Hapo ndipo mambo yalipoharibika, kwenye swali hilo dogo. Kasilda alikuwa amelipanga jibu njia nzima. Mwanangu, alitaka kusema. Lakini akakumbuka kwamba Bibiana na Romana huchota maji kisima kimoja siku za soko, akaona kila kitu kitafika kwa mkwe kabla yeye hajafika nyumbani. Mdomo ukajisemea wenyewe.

"Ni mimi."

"Wewe? Pole. Una nini?"

"Kunawasha. Na uchafu unatoka, mweupe, unanuka."

"Tangu lini?"

"Wiki tatu." Hilo alilikisia.

"Umezaa mara ngapi?"

"Saba. Wazima watano."

"Mwezi wako unakujaje?"

"Unarukaruka. Mara unakuja, mara hauji. Si unajua umri." Hilo lilikuwa kweli, ila ilikuwa kweli yake yeye.

"Huna mimba?"

"Mimi! Bibiana, nimekuwa bibi arusi?"

Wakacheka wote wawili. Bibiana alipomaliza kucheka akashika mizizi mkononi, akamtazama usoni.

"Nauliza kwa sababu mti huu ni mkali. Unafagia tumbo. Ukikuta uchafu unatoa uchafu, ukikuta mtu unatoa mtu. Hauna macho. Kwa hiyo usinywe mpaka umeuona mwezi wako kwa macho yako. Ukishauona, subiri uishe, siku ya tano ndiyo uanze. Umesikia?"

"Nimesikia."

"Rudia."

"Niuone mwezi, nisubiri, siku ya tano nianze."

Bibiana akafunga kitita akapiga mafundo, moja, mawili, mpaka saba, taratibu, kama mtu anayehesabu rozari. Kasilda alitazama yale mafundo yakijipanga na moyo ukamwambia, sema. Sema sasa, ni neno moja tu. Akafungua mdomo, akasema, "Asante, dada."

Siku alipokwenda Kawajense ilikuwa sikukuu ya Idi. Jirani ya Felista alikuwa Othmani, muuza dagaa na migebuka mikavu kutoka ziwani, na ua wake wote ulinukia pilau, watoto wamevaa nguo mpya zinazokwaruza shingo. Kwa siku mbili mtaa mzima, Waislamu na Wakristo, walikuwa na neno moja tu la kuulizana: mwezi umeandama? Umeuona? Maana juzi yake kulikuwa na mawingu na watu wakabishana.

Romana alikuwa kwa Othmani, amealikwa chakula. Faustini yuko kazini. Kasilda akamshukuru Mungu kwa nafasi hiyo, akamvuta binti yake nyuma ya nyumba, penye mawe matatu ya kufulia.

Sasa ilibidi aulize. Kwa lugha yao ya nyumbani lilikuwepo neno la jambo hilo, lakini lilikuwa neno zito, neno la ndani ya nyumba ya mwali, na Kasilda hakupata kulitamka mbele ya mtoto hata siku moja. Akaona afadhali Kiswahili. Kiswahili kilikuwa lugha ya sokoni na ya ofisini, maneno yake hayakumuuma mtu. Aliwahi kuwasikia wanawake wa mjini wakisema kuona mwezi, akaona ni maneno safi, hata padri angeweza kuyasikia. Akatazama mawe, akauliza kwa Kiswahili:

"Mwezi umeuona?"

"Nimeuona, mama."

"Lini?"

"Jana jioni."

Kasilda alipumua mpaka khanga ikalegea. Mungu mkubwa. Hakuuliza tena. Swali lililomchoma ulimi njia nzima lilikuwa limekwisha kwa maneno mawili.

"Basi vizuri," akasema, akamtolea kitita kutoka kifuani. "Hii ni ya lile tumbo lako. Mwezi ukifika siku ya tano ndiyo uanze. Chemsha, kunywa kikombe asubuhi na kikombe jioni. Si kabla ya siku ya tano. Umesikia?"

"Nimesikia. Nihesabu tangu jana?"

"Tangu jana. Na usimwambie mtu."

"Hata Faustini?"

"Hata ukuta."

Felista akakipokea kwa mikono miwili, akapiga goti kidogo kama alivyofunzwa. Kasilda akaona usoni mwake kama mtoto anataka kusema jambo, anatabasamu na kutazama chini. Akaogopa kwamba jambo lenyewe ni la mwili, akajitwisha kikapu upesi akaaga. Jambo hilo Kasilda alikuja kulikumbuka kwa miaka.

Siku ya sita baada ya Idi alikuwa shambani alipomwona Othmani anakuja na baiskeli, jasho jingi, kofia mkononi. Mtu huyu alikuwa na maneno mengi kuliko samaki wake, lakini siku hiyo aliteremka akasimama mbali.

"Hodi, mama Felista."

"Karibu, baba. Kwema?"

"Kwema kidogo. Mtoto yuko zahanati. Ni..." Akatazama gurudumu la baiskeli. "Ni ugonjwa wenu, mama. Mimi sijui kuusema. Twende tu."

Akampakia nyuma.

Felista alikuwa amelala kwenye mkeka, midomo myeupe kama mtu aliyekula unga. Apolinari dresa, yule wa besi, alikuwa ananawa mikono kwenye beseni. Akamvuta Kasilda pembeni akasema kwa sauti ndogo, "Damu imesimama, mama. Mtoto wako atapona. Mimba imetoka. Ilikuwa miezi miwili na kitu." Halafu akaongeza, bila kumlaumu, na ndiyo ilimuuma zaidi: "Amenieleza pia habari ya kuwashwa. Jambo dogo hilo, mama. Wanakuja wengi. Wangemleta mapema."

Aliposema wengi Kasilda alitamani sakafu ipasuke. Wengi! Kumbe wengi wanakuja hapa na Apolinari anarudi kanisani anaimba, wala hakuna anayejua.

Akapiga magoti penye mkeka.

"Felista. Si nilikuuliza?"

"Uliniuliza nini, mama?"

"Kama umeuona mwezi."

"Niliuona. Tuliuona wote, mimi na mama Romana na wake wa Othmani, tulitoka nje tukaonyeshana. Mwembamba kama ukucha. Nikahesabu siku tano kama ulivyosema."

Kasilda akamtazama. Kisha akaelewa, na alipoelewa alijifunika uso wote kwa khanga akakaa humo gizani.

"Nilidhani dawa inakwenda na mwezi," alisema Felista. "Na mimba nilidhani umeiona. Siku ile nilitaka kukwambia, nikaona aibu. Nilikuwa namngoja shangazi."

Romana akaingia wakati huo. Alikuwa mama mrefu, mjane, mwenye mwana mmoja tu duniani, na huyo ni Faustini. Mkononi alishika kitita cha mizizi, nusu yake imetumika.

"Nimekikuta chini ya kitanda," alisema. "Mwanangu aliniambia juzi kwamba mkewe ana mimba, nikafurahi, nikamwekea kuku. Kumbe mwenzangu anachemsha dawa ya kuitoa! Mkwe, umetulelea nini?"

Huo ndio wakati. Kasilda alikuwa na nafasi nzuri kama ile ya kwa Bibiana, labda nzuri zaidi. Felista akamtazama mama yake, akangoja. Hakusema neno, kwa kuwa aliambiwa asimwambie mtu, hata ukuta. Na mama mtu akasema:

"Sijui, mkwe wangu. Sijui."

Felista akageuza uso akatazama ukuta.

Baada ya siku nne walimrudisha kwao. Hawakumpiga, hawakumtukana. Walimrudisha na sanduku lake, wakasema akae kwanza, watu watazame mambo. Faustini alimsindikiza mpaka mwanzo wa kijiji, akatua sanduku, akarudi bila kuingia.

Nyumbani ikawa habari nyingine. Gaudensi hakuwa mtu wa kelele. Aliposikia kwamba binti yake ametoa mimba kwa dawa, alingoja mpaka jioni, akasema, "Jumapili utakaa nyuma. Usikaribie komunyo mpaka umezungumza na padri." Felista akajibu, "Ndiyo, baba." Kasilda alikuwa anakoroga uji. Akaendelea kukoroga.

Jumapili hiyo Felista alikaa nyuma kabisa, penye mlango, na wanawake waliokaa karibu yake wakavuta khanga zao kidogo, kidogo tu, kama mtu anayeogopa kulowa. Kasilda alikaa mbele, mahali pake pa mke wa katekista. Watu walipoinuka kwenda kupokea, aliinuka nao. Alikwenda kwa sababu asipokwenda watauliza. Alifungua mdomo mbele ya padri na masikio yake yakasikia nyuma kabisa mtu anakohoa, akajua ni nani. Kuna dhambi ambayo ukiitenda mchana mbele ya watu wote hakuna anayeiona. Hiyo ndiyo Kasilda aliyotenda, na Jumapili ya pili akaitenda tena.

Usiulize kwa nini hakusema. Aliogopa mume, aliogopa wakwe, aliogopa kisima. Kila siku alisema kesho. Na Felista alikuwa anampikia, anamtekea maji, anamwita mama kwa heshima ileile, ila hakumtazama machoni.

Wakwe walikuja Jumatatu iliyofuata. Alikuja Romana, akaja Faustini, na mjomba wake mmoja aitwaye Leodgar, mtu wa Kasansa mwenye ng'ombe, ambaye ndiye aliyesimamia mahari. Wakaketi barazani na Gaudensi. Na walikuwa wamemwita Bibiana, maana Romana aliuliza mtaani mafundo hayo ni ya nani, na kila mwanamke alijua ni ya Bibiana.

Kasilda alikaa ndani, nyuma ya mlango, mgongo ameuelekeza nje. Ndiyo desturi. Mkwe mwanamume na mama mkwe hawatazamani, hawali pamoja, wakikutana njiani mmoja hupita majanini. Tangu Faustini aoe hajawahi kuuona uso wa Kasilda zaidi ya mara mbili. Felista alikaa sakafuni karibu na mama yake, kichwa chini.

Leodgar akaweka kitita kwenye mkeka. "Mama Bibiana, hiki ni chako?"

Bibiana akakichukua. Kasilda alisikia kamba ikigeuzwa vidoleni, akajua anahesabu.

"Ni changu," alisema Bibiana. "Lakini sikumpa mtoto huyu. Huyu hajawahi kukanyaga kwangu."

"Ulimpa nani?"

"Mgonjwa wangu simtaji."

"Unaona!" Romana akadakia. "Anamficha. Anawauzia watoto wetu dawa za kuua. Mimi nina mwana mmoja, wajukuu wangu nitawapata wapi?"

"Mama, mimi nimezalisha wanawake tangu hujaolewa," alisema Bibiana. "Sauti yako isinipandie."

"Basi utaipandisha yako barazani kwa mtemi," alisema Leodgar. "Wakufunge kamba hukohuko. Na mtoto huyu mahari yake irudi, mambo yaishe. Gaudensi, unasemaje?"

Sauti ya Gaudensi ilikuwa ya mtu aliyezeeka wiki mbili hizo. "Kama mwanangu amefanya, amefanya. Sina neno."

Felista hakulia. Aliinua tu kichwa, akamtazama mama yake machoni, mara ya kwanza tangu zahanati. Hakumtazama kwa hasira. Alimtazama kama siku ile nyuma ya nyumba, mtu anayetaka kusema jambo na anangoja aulizwe.

Nje, Bibiana akasema, "Niwaambie moja tu. Hesabuni mafundo. Kila fundo ni uzazi. Haya ni saba."

Hakutaja mtu. Kasilda alisikia ile hesabu ikitembea katika vichwa vyao na kukaribia mlango.

Akasimama. Akatoka nje, mbele ya mkwe wake, uso wazi, na Faustini kwa adabu akainama upesi akafunika macho kwa kiganja.

"Mafundo ni yangu," alisema Kasilda. "Mimi ndiye niliyezaa saba."

"Mama Felista, ingia ndani," alisema Gaudensi.

"Siingii. Nimekaa ndani vya kutosha." "Mtoto alikuwa na ugonjwa wa kike. Niliona aibu kumsema. Nikaenda kwa Bibiana nikasema ni mimi. Kila aliloniuliza nilijibu la mwili wangu. Akaniambia dawa isinywewe na mwenye mimba, akanifanya nirudie kwa mdomo wangu. Nikaona aibu kumuuliza mwanangu kwa lugha yetu, nikamuuliza kwa Kiswahili, mwezi umeuona, akaniambia ameuona, kumbe ni mwezi wa Idi, wa juu mbinguni. Nikampa. Nikamwambia asiseme. Hakutoa mimba. Niliitoa mimi."

Kuku mmoja alipita katikati ya mkeka, hakuna aliyemfukuza.

Wa kwanza kusema alikuwa Bibiana, na hakusema kwa huruma. "Umenifanya niue mtu bila kujua. Miaka yote hii sijaua. Ungesema ni mtoto, ningekupa majani ya kuogea tu. Ya kuogea tu, Kasilda." Akachukua kitita chake, akaondoka bila kuaga.

Romana akaanza kulia. Faustini alisimama, kiganja bado usoni, akaelekea nje ya ua. Kasilda akadhani anaondoka. Lakini alisimama penye nguzo ya banda la karanga, akasema na ile nguzo, maana na mama mkwe hawezi kusema: "Mwambieni mke wangu nitakuja kumchukua akipata nguvu." Kisha akaenda.

Gaudensi hakumpiga mkewe. Alivua kola yake, akaikunja, akaiweka mfukoni. Jumapili iliyofuata Felista alikaa mbele, na Kasilda alikaa nyuma penye mlango. Wanawake wakavuta khanga zao.

Msidhani yaliishia vizuri. Faustini alimchukua mkewe baada ya mavuno, hilo ni kweli, na jina la Felista likasafishwa hata kisimani. Ila Romana hakula tena chakula cha nyumba ile. Ule ugonjwa wa kuwasha ulitibiwa kwa Apolinari katika siku chache, jambo dogo kama alivyosema. Lakini mwaka ukapita na Felista hajashika mimba, na wa pili ukaanza. Akija kusalimia huleta sukari, huuliza hali ya mazao, hupiga goti. Habari ya mwili wake hampi mama. Humwandikia shangazi Tereza, kwa mkono wake mwenyewe, na bahasha huifunga kwa gundi pande zote.

Mara moja tu alisema. Walikuwa wanapepeta mtama, wawili peke yao. "Ungeniuliza kwa lugha yetu, mayo," alisema, akimwita kama alivyomwita utotoni. "Ningeona aibu. Lakini ningekujibu."

Mwezi mwandamo ukionekana, na watoto wa jirani wakipiga kelele wakiuonyesha kwa vidole, Kasilda huingia ndani.

Alikuwa amebaki na binti mmoja nyumbani, Lusia, wa miaka kumi na mitatu. Asubuhi moja Kasilda alimwona anafua kitambaa mtoni, anatazama nyuma. Shangazi alikuwa mbali kama zamani. Kasilda akatua mtungi, akakaa kwenye jiwe karibu naye, akasema lile neno zito la lugha yao, lote, bila kulifunika.

Lusia akaangusha kitambaa majini, akafunika uso kwa mikono yote miwili. "Mayo! Unasema nini!"

Uso wa Kasilda nao uliwaka. Alitamani kuinuka akachote maji, ajifanye hakusema. Kitambaa kilikuwa kinachukuliwa na maji. Akaingia mtoni akakikamata, akakikamua, akamrudishia mtoto mkononi. Akakaa tena kwenye jiwe, akauliza mara ya pili.